Ndimu Juu ya Trampolini

Jumamosi, 19 Mei 2018

Himid amewaahidi watoto trampolini ya sikukuu. Aliwaahidi kwanza, mimi akaniambia baadaye, na aliniambia kwa kuwa kazi ya kuitafuta ni yangu. Mume wangu ni dereva wa treni za chini ya ardhi. Mchana kutwa yumo shimoni, na akitoka nje huwa na ahadi nyingi. Zeyana, miaka kumi, na Malek, miaka sita, walipiga kelele mpaka Bi Nunu akaamka usingizini akauliza nani kafa.

Bi Nunu ni mama mkwe wangu. Amekuja kutoka Unguja kabla ya Ramadhani, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na atakaa nasi hapa Walthamstow mpaka baada ya Idi Kubwa. Nimemfurahia, Mungu shahidi. Shajara hii nimeianza kwa sababu tangu afike maneno yangu mengi hayatoki mdomoni, na lazima yapate pa kwenda.

Jumatatu, 21 Mei

Nimesoma habari za trampolini kazini, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mimi hupokea watu kwa daktari wa meno, na Ramadhani hii wenye meno mabovu wamepungua. Kumbe ni elimu nzima. Kuna za duara na za pembe nne. Kuna zenye wavu nje ya springi na zenye wavu ndani. Kuna za springi nene zilizochovywa zinki na kuna za springi zilizopakwa rangi tu. Himid anataka kubwa kuliko zote. Nikamuuliza ua wetu ameuona lini mara ya mwisho.

Jumapili, 27 Mei

Tumekwenda kumuuliza Aunty Balwinder, jirani wa ukuta mmoja. Ni Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, wajukuu zake wamevunja trampolini mbili, kwa hiyo ni mtaalamu. Akaegemea ua akatupa darasa.

"Nunua ya duara, ya katikati, hiyo kubwa itakula maua yako yote. Net lazima. Na angalia ile mto ya pembeni, ile inafunika springi. Bila hiyo mguu ya mtoto inaingia, kwisha."

Bi Nunu alikuwa amekaa kivulini na tasbihi yake. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Kwetu watoto wakirukia kitanda tukiwapiga. Huku mnawanunulia kitanda cha kurukia."

Tukacheka sote. Akaendelea kuvuta uradi, lakini nilimwona amefurahi kwamba tumecheka.

Jumanne, 5 Juni

Nimeagiza. Ya duara, ya wastani, wavu ndani, mto mnene wa kijani. Springi zake ni za wastani pia, nzuri zaidi Himid alisema ni anasa.

Ijumaa, 15 Juni

Idi. Baada ya sala na biriani, Himid na kanzu yake mpya akaanza kuunga vyuma. Springi moja ilimponyoka ikamchapa kidole, akasema neno ambalo halisemwi siku ya Idi mbele ya mama yake. Mimi nilisoma karatasi ya maelekezo kwa sauti kama khatibu. Kila wiki kagua springi, kaza skrubu, tazama wavu kama umechanika, hakikisha mto umefunika chuma chote. Himid akasema, "Basi wewe ndiye mkaguzi."

Watoto waliruka mpaka Isha. Bi Nunu aliwatazama dirishani akicheka peke yake. Zeyana akampigia kelele kwa Kiingereza aje naye apande. Ndivyo walivyo wanangu, Kiswahili wanakisikia chote, kujibu hawajibu. Bi Nunu hulalamika kwamba kusema nao ni kusema na redio.

Jumatano, 20 Juni

Jua, siku ya ngapi sijui. Nyasi zimeanza kugeuka rangi.

Bi Nunu amenunua ndimu sokoni, mfuko ambao ulimlazimu muuzaji amsaidie kuubeba mpaka kituo cha basi. Kwao Kikwajuni achari yake inasifika, na hakuwa na nia ya kukaa London miezi yote bila ya kuacha alama. Kazipasua, kazishindilia chumvi, kazianika kwenye sinia hapo uani. Kabla ya adhuhuri kindi amekwisha beba moja, na alasiri mbweha akapita juu ya sinia mchana kweupe kama mwenye nyumba.

Alhamisi, 21 Juni

Nimerudi kazini nimekuta ndimu zimeanikwa juu ya trampolini.

Nakiri kwamba kwa jicho la mtu wa kuanika, pale ni mahali pazuri. Pako juu, pana jua kutwa, na wavu umezunguka kote, kindi hapiti wala mbweha hapiti. Bi Nunu alikuwa ametandika shuka, na ili shuka isikunjamane ameutoa ule mto wa kijani akazifunga ncha za shuka kwenye springi, moja moja, kwa ustadi.

"Kumbe mna uchaga mzuri hivi," aliniambia, "mnauachia watoto."

Nikasema, "Umefanya vizuri, Mama."

Kwa nini nimesema hivyo? Nilikuwa na sentensi nyingine tayari kabisa.

Jumamosi, 23 Juni

Jua. Ndimu. Watoto wanasubiri mpaka saa kumi na mbili ziondolewe ndipo waruke. Mimi narudisha mto, nafunga kamba zake zote, asubuhi naukuta umekaa pembeni ya ukuta.

Jumatatu, 25 Juni

Jua. Ndimu. Mto ukutani.

Jumatano, 27 Juni

Leo kakipiga maji kitambaa cha kurukia ili kutoa chumvi. Maji yote ya chumvi yameteremkia kwenye springi.

Jumapili, 1 Julai

Nimemwambia Himid. Nilingoja mama yake aingie kusali, nikasema chumvi na chuma havikai pamoja, hilo hata wewe unalijua, wa Unguja mwenzangu, umeona mabati yanavyoliwa.

"Mwache Mama," alisema.

"Namwacha. Ninachosema ni wewe umwambie. Ni mamaako."

"Nimwambie nini? Kwamba kaja mara moja katika umri wake, kapata kitu kimoja cha kumshughulisha, nami namnyang'anya? Heshima si utumwa, Ruzuna."

"Sikusema utumwa. Nimesema kutu."

Akacheka, akanibusu kichwani, akaenda kazini shimoni kwake ambako hakuna jua wala ndimu.

Ijumaa, 6 Julai

Nimenunua kichanja cha wavu cha kuning'iniza, kina ghorofa, cha kuanikia kila kitu. Nikampa kwa mikono miwili. Bi Nunu alinishukuru, akaniombea dua ndefu, akatia humo vitunguu.

Jumapili, 8 Julai

Leo asubuhi nimetoka na kitambaa na mafuta ya mashine, nimezisugua springi zote. Chini ya ndoano nyingi kutu ishaanza, nyekundu kama tambuu. Bi Nunu akanikuta nimeinama huko chini.

"Unatia mafuta? Mama Zeyana! Yatazinukisha ndimu zangu." Akaniondoa kwa upole, akachukua kitambaa, akayafuta mafuta yote, springi kwa springi, huku akinihadithia jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha kwamba achari husikia harufu ya kila kitu. Nilisimama pale nikasema naam, naam.

Kazini wiki hii nilimwambia mtu mzima mwenye suti, mrefu kama mlango, kwamba hana miadi na arudi nyumbani. Akarudi. Hapa kwangu nimeshindwa na ndimu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Wangu hakungoja kupewa, kajichukulia trampolini.

Jumatano, 11 Julai

Nimemwomba Aunty Balwinder aseme yeye. Ni mkubwa, ni jirani, Bi Nunu anampenda.

"Mimi nimeona hiyo kutu," alisema. "Lakini mimi niseme namna gani? Jana amenipa chupa mzima ya achari. Ile kitu ni tamu sana, Ruzuna. Kijana yangu amekula na chapati mpaka imeisha." Akanitazama kwa huruma. "Wewe ndiye binti ya nyumba. Sema tu, polepole."

Polepole nimesema mara nyingi, ndani ya kichwa changu.

Jumamosi, 14 Julai

Jua. Ndimu mpya, mfuko wa pili. Safari hii ni za kupeleka Unguja. Zeyana kaniuliza kwa nini Bibi haanikii mahali pengine. Nikamwambia Bibi ni mkubwa. Akasema hilo si jibu. Nikamwambia kwetu ni jibu.

Alhamisi, 19 Julai

Nimewawekea watoto sheria. Hakuna kupanda mpaka mimi mwenyewe nirudishe mto na nikague. Malek kaapa. Zeyana kasema sawa, kwa sauti ya mtu anayesaini mkataba.

Jumapili, 22 Julai

Ninaandika haya Zeyana amelala kando yangu kitandani, mkono wake juu ya mto, hataki niondoke.

Alasiri nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Himid alikuwa zamu. Joto lilikuwa jingi, madirisha yote wazi, nikamsikia Bi Nunu uani anakusanya ndimu zake na kuwaita watoto. Nilisikia kila neno. "Haya ingieni wajukuu zangu, mie nshaondoa, ingieni mcheze." Na Zeyana akamjibu kwa Kiingereza kwamba mama amesema wasubiri mto. Na Bi Nunu, ambaye hakuelewa hata neno, akasema, "Ndiyo, ndiyo, ingieni."

Nilizima jiko. Mafuta yalikuwa ya moto, nikasogeza karai, nikafuta mikono. Laiti ningetoka na mikono yangu ya samaki. Malek ndiye aliyeingia kwanza, na Zeyana akamfuata kumtoa, ndivyo anavyosema, nami namwamini. Malek akaruka, akacheka, naye Zeyana akashawishika akaruka mara moja. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia mlio kama kigae kinavunjika, na mwingine, na mwingine. Ndoano upande wa kusini zilikatika zikifuatana, zile za chini ya mafundo ya shuka. Kitambaa kikalegea, mguu wa Zeyana ukapita kwenye pengo, naye akaangukia ubavu juu ya chuma kitupu, mkono ukiwa chini.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alinyanyua mkono akautazama. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Bi Nunu akapiga ukunga. Aunty Balwinder akachungulia juu ya ua, akapiga simu kabla sijamwomba, kisha akaja kwa mlango wa mbele na gari ya mwanawe kwa sababu walimwambia gari ya wagonjwa itachelewa. Njia nzima Zeyana alikuwa akiniambia samahani. Mimi nikamwambia nyamaza mama, nyamaza, hukufanya kitu.

Hospitali wakampiga picha. Mifupa yote miwili ya kigasha. Wakamlaza usingizi mfupi wakaunyoosha mkono, wakamfunga plasta mpaka juu ya kiwiko. Daktari kijana akasema mmoja umevunjika karibu na kiwiko, na kama mkono utanyooka wote au la, hilo litajulikana baada ya plasta kutoka. Nikamuuliza anadhani nini. Akasema ni mapema mno kudhani.

Nesi akauliza imetokeaje. Nikasema springi zilikatika. Akauliza ilikuwa inatunzwa? Nikasema ndiyo, kila wiki. Nikasikia ninavyosikika.

Jumatatu, 23 Julai

Himid kakagua. Kaja na ndoano mkononi, kaifinya, imemwagika kama biskuti. Akaiweka mezani mbele yangu, akakaa chini.

"Usimwambie," alisema.

"Himid."

"Akijua itamuua. Usimwambie, nakuomba."

Jumanne, 24 Julai

Baada ya chakula Bi Nunu aliniita chumbani, akanikalisha kitandani, akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Mama Zeyana, mie si mtu wa lawama, unanijua."

"Najua, Mama."

"Lakini nilisema tangu siku ya kwanza. Kitanda cha kurukia! Mzazi lazima awe na jicho, mwanangu. Chombo kama kile huwezi kukinunua ukakiacha hivihivi, kinataka kutazamwa. Mie vitu vya huku sivijui. Wewe unavijua."

Kila alilosema lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniziba kabisa. Nilisema, "Nisamehe, Mama," kwa sababu ndivyo mtu anavyosema, na akanipangusa machozi kwa ncha ya leso yake akidhani ni ya kosa langu. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yakivuma.

Alhamisi, 26 Julai

Habari imefika Unguja na imekwisha kuzunguka. Wifi yangu kanipigia kunipa pole na kuniuliza kama kazi yangu ni ya lazima. Mama yangu mzazi kapiga, kaanza kwa dua, kisha kateremsha sauti.

"Ruzuna, mwanangu, kwani ulikuwa wapi?"

"Jikoni, Mama."

"Ah," alisema. Ndiyo hiyo tu, ah. Nilitamani kumweleza, lakini nyumba ya mama yangu na ya Bi Nunu zinatazamana. Nikimwambia mama asubuhi, adhuhuri mtaa mzima umejua.

Ijumaa, 27 Julai

Radi jioni, mvua ya kwanza tangu sikukuu. Tumegombana chini ya sauti ya mvua ili mama yake asisikie.

Himid alisema, "Mama yangu hatokuja tena hapa. Unamwona magoti yake. Mwache arejee na heshima yake."

"Na yangu?"

"Wewe ni wa hapa. Utaipata tena."

"Kwa nani? Mamaako kawaambia wote. Watu wa kwetu wataniita mzembe mpaka nizeeke. Na Zeyana anasikia kila kitu, Himid, unasahau kwamba anasikia."

Akasema atalipanga. Akaweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha akabaki hivyo. Nilimwonea huruma, nikachukia kwamba namwonea huruma.

Jumapili, 29 Julai

Mvua. Trampolini imesimama uani, upande mmoja umening'inia.

Ijumaa, 3 Agosti

Zeyana hazungumzi na bibi yake. Anaingia, anabusu mkono kama alivyofundishwa, anatoka. Leo kaniuliza kwa nini nilisema nisamehe. Nikamwambia wakati mwingine mtu husema ili mambo yaishe. Akauliza, yameisha?

Jumatano, 8 Agosti

Springi mpya zimekuja, za zinki, zile za anasa. Na mto mpya. Nimezifunga mwenyewe, zote, jioni nzima, viganja vimechubuka. Himid alitaka tuitupe. Mimi nimekataa, sijui kwa nini. Labda nilitaka kitu kimoja uani kiwe sawa.

Bi Nunu alinitazama dirishani. Alipokuja nje alisema, "Unairejesha tena? Moyo wa chuma unao, wewe."

Jumatatu, 13 Agosti

Picha ya pili. Mifupa inashika. Kiwiko bado hawajui.

Ijumaa, 17 Agosti

Malek kapanda, karuka mara moja, kateremka. Hana hamu.

Jumanne, 21 Agosti

Idi Kubwa. Bi Nunu kapika mwenyewe, kampa Zeyana kipande kizuri cha nyama, kakikata vidogo ili ale kwa mkono mmoja. Anampenda. Hilo sijawahi kulitilia shaka, na linanifanya nizidi kukosa pa kushika. Ningekuwa na mama mkwe mbaya ningejua la kufanya.

Jumamosi, 25 Agosti

Kaondoka.

Asubuhi mabegi yalikuwa ukumbini, moja limejaa achari, chupa zimefungwa kwa taulo. Himid alikuwa mlangoni na funguo. Aunty Balwinder alikuwa amekwisha kuja, wamekumbatiana na kulia kama dada. Malek kabusu mkono, kapewa peremende.

Kisha Zeyana akasimama mbele ya bibi yake. Plasta yake ina majina ya rafiki zake wote. Nilijua kwa namna alivyonyoosha mgongo kwamba amejiandaa. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwa adabu, bila ya kupandisha sauti. Alisema springi zilikatika kwa sababu ya chumvi ya ndimu. Alisema mto aliutoa Bibi. Alisema mama alikuwa amewakataza, na Bibi ndiye aliyewaambia waingie. Alisema yeye hakasiriki juu ya mkono wake, anakasirika kwamba kila mtu anamlaumu mama na mama hana kosa.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyepata kunitetea hivyo maisha yangu yote. Himid alitazama viatu vyake.

Bi Nunu alikuwa anatabasamu, kichwa amekiinamisha upande mmoja ili asikie vizuri. Akanigeukia. "Masikini, hotuba nzima. Anasemaje?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na hata Himid hakunizuia. Nilimtazama, magoti yake yaliyofungwa bandeji kwa safari, mkoba wake aliouweka kifuani, yeye ambaye kesho atapokewa na mtaa mzima.

"Anasema safari njema, Mama," nilisema. "Anasema hatokusahau."

Zeyana akageuka akanitazama. Hakuna haja ya kumfasiria huyu. Amesikia alichosema yeye, na amesikia nilichosema mimi.

Bi Nunu akalia. Akamvuta, akamkumbatia kwa kuukwepa ule mkono, akasema na nywele zake. "Nami stokusahau, mwanangu. Na nikuusie. Usimuwekee mamaako kinyongo. Mtu mzima hughafilika, mambo ya nyumba mengi. Mie nshamsamehe, na wewe msamehe."

Juu ya bega la bibi yake macho ya Zeyana yalikuwa kwangu, yakiuliza mara ya mwisho. Nilimwomba kwa macho, nami sikuwa na haki ya kumwomba. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Nimemsamehe, Bibi."

Bi Nunu akashangaa, akamshika mashavu, akamshukuru Mungu kwamba mtoto kaipata lugha ya kwao, akamwita Himid asikie. Nami nililia, na wote wakadhani nalilia safari.